Mkusanyo wa Hans Cory: Sauti za Wazee wa Usukuma Zilizohifadhiwa Mlimani

Mkusanyo wa Hans Cory ni mamia ya miswada na majalada yaliyokusanywa na mtu mmoja, na leo hutunzwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Hazina hiyo iko pwani, lakini sehemu yake muhimu inaihusu Usukuma, nchi inayoenea katika mikoa ya sasa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita. Anayetaka kujua jinsi watemi, yaani watawala wa jadi, walivyotawazwa na kuzikwa, au ng'ombe wa mahari walivyogawanywa, atapata humo maelezo ambayo ni shida kuyapata kwingineko.

Mkusanyaji

Cory alizaliwa Vienna, Austria, akiitwa Hans Koritschoner. Alikuja Afrika Mashariki enzi za Wajerumani na akaishi huku hadi alipofariki mwaka 1962. Chini ya utawala wa Waingereza aliajiriwa kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika. Alikijua Kiswahili vizuri, na mwaka 1958 alitoa kitabu cha mashairi ya Kiswahili, *Sikilizeni Mashairi*.

Yaliyomo

Karatasi zake zinagusa urithi, ndoa, ardhi, uganga, nyimbo, jando na unyago. Baadhi ya kazi hiyo ilichapishwa. *The Ntemi* (1951) kinaeleza mazishi, uteuzi na utawazo wa mtemi wa Kisukuma. *Sukuma Law and Custom* (1953) kinapanga sheria za mila za Wasukuma. Mwaka huohuo alitoa kitabu juu ya picha za ukutani za bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka. Vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia wari aliviandikia kitabu mwaka 1956.

Namna ya kukusanya

Msingi wa kazi yake ya sheria ulikuwa kikao. Aliwaita watemi na wazee, akauliza nini hufanyika mume akifa, mke akiondoka, au mahari ikiwa haijalipwa. Wazee walijadiliana mpaka wakafikia neno moja, naye akaliandika kama kanuni yenye namba yake. Ndivyo maarifa yaliyokuwa vichwani mwa wazee, ambayo yangeweza kuzikwa pamoja nao, yalivyoingia kwenye karatasi.

Njia hiyo ina dosari zake. Wazungumzaji wakuu walikuwa wanaume wenye mamlaka, kwa hiyo mke, mjane na kijana husikika kwa mbali. Tena, barazani mzee huweza kuilegeza mila kwa kutazama watu waliosimama mbele yake, lakini ikishaandikwa, hukazika. Msomaji wa Cory asisahau pia kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka kutawala kwa wepesi.

Athari zake katika sheria

Karibu na uhuru, Cory aliongoza kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Alifariki kabla haijakamilika kisheria. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni hizo kwa Tangazo la Serikali Na. 279, linalohusu ndoa, mahari, talaka na watoto, na Na. 436, linalohusu ulezi, urithi na wosia. Mahakama zimezitumia kwa miongo mingi, na wajane na mabinti ndio walioonja uzito wake. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilikiuka haki zilizomo katika Katiba.

Thamani yake leo

Majalada haya yasomwe kama ushahidi, si kama amri. Yanaonyesha jinsi wazee wa wakati fulani walivyoieleza jamii yao mbele ya mgeni mwenye kalamu. Kwa sababu hiyo yanawahusu kwanza wajukuu wa wazee hao, waliotawanyika leo katika mashamba ya pamba, machimbo ya almasi ya Mwadui na ya dhahabu ya Geita. Nakala zake zinastahili kuwa karibu nao, katika maktaba za Shinyanga, Geita na Mwanza, ili mwanafunzi asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam kwenda kusoma maneno ya babu yake. Na wazee walio hai, hasa akina bibi ambao hawakuulizwa, waulizwe sasa.