Ikweta ya Ziwa Victoria na nadharia ya maada za kitopolojia

MSTARI wa Ikweta, unaokatiza Ziwa Victoria kaskazini mwa Mwanza, ni njia ya mawimbi ya Kelvin, ambayo husafiri angani na baharini kuelekea mashariki pekee. Si yale yanayopiga mwamba wa Bismarck. Hayo ni ya upepo tu.

Mwaka 2017 wanafizikia Pierre Delplace, Brad Marston na Antoine Venaille walionyesha kuwa mawimbi hayo yanaelezeka kwa nadharia ya maada za kitopolojia, ambayo mwaka 2016 iliwapatia David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Topolojia huchunguza sifa isiyobadilika umbo linapopindwa: ngata ibonyezwe itakavyo, tundu lake hubaki moja. Katika baadhi ya maada, sifa kama hiyo huulazimisha umeme kupita ukingoni bila kurudishwa nyuma na kasoro ndogo zilizomo. Kwa dunia, ukingo huo ni Ikweta, kwani mzunguko wake hupinda mikondo kulia upande wa kaskazini na kushoto upande wa kusini.

Katika Pasifiki, mawimbi ya Kelvin husukuma maji ya joto mashariki na kuchochea El Niño. Mvua zilizoambatana na El Niño ya mwaka 1997/98 zilipandisha kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 1.