Kondoo Mwekundu wa Wamaasai: Mbegu Tuliyoidharau, Tukakaribia Kuipoteza

Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo mwekundu wa Wamaasai alijaa malishoni kote katika nchi ya wafugaji ya Kenya, na idadi yake inakadiriwa ilifika mamilioni. Ni kondoo wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye nywele fupi badala ya sufi na mkia mnene wa mafuta. Mafuta hayo yaliyeyushwa, akapewa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu. Leo, kumpata dume ambaye damu yake haijachanganywa ni kazi ngumu.

Aliyemwondoa ni Dorper. Kondoo huyu alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kupandisha kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Hukua haraka na huwa mzito, na mnunuzi mnadani hutazama ukubwa. Katikati ya miaka ya 1970 ulianza mpango wa kusambaza madume yake nchini Kenya kwa bei ya ruzuku. Chotara wa kwanza walipendeza. Lakini wafugaji hawakufundishwa namna ya kuendesha uzalishaji huo, wakaendelea kupandisha Dorper kizazi baada ya kizazi, hata pale asipostahimili mazingira.

Hasara ilionekana kwenye minyoo. Mnyoo uitwao Haemonchus hukaa katika tumbo la nne la kondoo na kufyonza damu. Mnyama huishiwa damu, macho yakapauka kwa ndani, taya likavimba kwa chini, hatimaye akafa. Dawa zipo, ila ni gharama, na zikitumiwa ovyo minyoo huzizoea. Kondoo mwekundu ana kinga ya kurithi: minyoo michache hukomaa mwilini mwake, na anapougua hadhoofiki upesi.

Kati ya 1991 na 1996, watafiti walimpima pamoja na Dorper huko Diani, pwani ya Kenya, ambako unyevu hustawisha minyoo. Wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na kundi la kondoo wekundu likazaa matunda makubwa kuliko lile la wenzao wazito. Kilo za mnadani zilikuwa zimetudanganya, kwa sababu hazihesabu waliokufa.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990, watafiti walizunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania wakitafuta kondoo halisi wa mbegu hii. Waliowapata walikuwa wachache mno. Ndani ya miaka ishirini tu, hazina iliyojengwa na wafugaji kwa karne nyingi ilikuwa imefikia ukingoni.

Si lazima Dorper afukuzwe. Penye ukavu, minyoo michache na malisho ya kutosha ana nafasi yake. Ila hata chotara bora anahitaji mama mwekundu halisi, na mama huyo lazima atunzwe na mtu. Hapa ndipo mfugaji mdogo anapohesabika. Wewe mwenye majike machache mekundu, tafuta dume halisi kutoka kundi lisilo na undugu na lako, watenge wasipandwe na wageni, andika uzazi wao, na usiuze jike bora kwa sababu ya shida ya siku moja. Serikali zetu nazo, zilizowahi kutoa ruzuku kwa mgeni, zitoe sasa kwa mwenyeji.