Jumba linalotazamana na Norfolk

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa miguu kuelekea Chuo Kikuu, upite kituo cha polisi cha Central kisha uingie barabara ya Harry Thuku, utayakuta majengo mawili yanayotazamana. Upande mmoja ni hoteli ya Norfolk, iliyoanza kupokea wageni mwaka 1904. Upande wa pili ni Kenya National Theatre, jumba ambalo wasanii wa jiji hulitaja kwa herufi tatu tu, KNT. Anayetaka kujua historia ya maigizo Nairobi na aanzie hapa, kwenye lami hii, kabla hata hajanunua tiketi.

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulifurika karibu na kituo hicho cha polisi ukidai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Wajumbe waliotumwa kuonana na wakuu wa serikali waliporudi wakiwasihi watu watawanyike, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alijitokeza akainua nguo yake mbele ya wanaume na kuwaambia waitwae, wao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na masetla waliokuwa wakinywa kwenye baraza ya Norfolk wakafyatua za kwao. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walisema waliokufa ni wengi kuliko hao. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Miaka 30 baadaye, ng'ambo ya barabara ile ile, ndipo serikali ya kikoloni ilipoona panafaa kujengwa jumba la taifa la maigizo.

Masetla walikuwa na kumbi kabla ya hapo. Theatre Royal ilifunguliwa mwaka 1912, na baadaye ikageuzwa kuwa sinema ya Cameo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakaja kutoka Uingereza Donovan Maule na mkewe Mollie, watu waliojua kazi ya jukwaa kwa dhati, wakaanzisha kundi la waigizaji wa kulipwa lililodumu miongo mitatu. Michezo yao ilikuwa ile ile iliyochezwa London, na waliokaa vitini walikuwa watu walioitamani London.

KNT ilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952 na Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Tarehe hiyo haipaswi kusomwa peke yake. Hali ya hatari ya kukabili vuguvugu la Mau Mau ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba, siku 17 tu kabla. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wamekwisha kukamatwa, na wanajeshi wa Uingereza walikuwa wamewasili. Kwenye karatasi, jumba jipya lilikuwa la watu wa rangi zote. Lakini ni Mwafrika gani, katika jiji lililohitaji kipande mfukoni na lililomfukuza mitaani giza likiingia, ambaye angefika jioni kukaa kitini atazame mchezo wa Kiingereza?

Hata hivyo maigizo ya Waafrika hayakungoja kukaribishwa. Katika miaka hiyo hiyo ya hatari, kilomita chache magharibi mwa jiji, wavulana wa shule ya Alliance huko Kikuyu walikuwa wakiandika na kucheza tamthilia kwa Kiswahili. Shule yao ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare kila mwaka, na wanafunzi walikariri beti zake kwa bidii. Lakini walipoachwa wajitungie wenyewe, walichagua Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini, mchezo uliochapishwa mwaka 1957. Wakafuata wenzake: Kimani Nyoike, B. M. Kurutu na Gerishon Ngũgĩ. Wasomi wengi huipita michezo hii haraka, wakisema ni ya kitoto na inahubiri mno. Mimi sikubaliani nao. Vijana hao walikuwa na hadhira ambayo KNT haikuwa nayo, watu wa vijijini waliokuja kuwasikiliza kwa lugha waliyoielewa, wakati ambapo hata kukusanyika kulitiliwa shaka.

Mwanafunzi mmoja wa Alliance wa miaka hiyo aliitwa James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o. Tamthilia yake ya kwanza ndefu, The Black Hermit, ilichezwa Novemba 1962, lakini si Nairobi. Ilichezwa Kampala, katika jumba la taifa la Uganda, kwenye sherehe za uhuru wa nchi hiyo. Mkenya alianza kujulikana kama mtunzi wa jukwaa katika mji wa jirani, naye akarudi nyumbani na swali: jumba la kwetu ni la nani?

Uhuru wa Desemba 1963 haukulijibu swali hilo. Bendera ilibadilika lakini ratiba haikubadilika sana. Seth Adagala alipopewa jukumu la kuliongoza jumba, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, alikuta kwamba tarehe nzuri za mwaka zilikuwa zimezoea kwenda kwa vikundi vya Wazungu. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho ua wake unapakana na barabara hiyo hiyo, walikuwa na kikundi chao cha maigizo cha kusafiri. Walicheza bila kiingilio kwenye masoko na viwanja vya shule, mbali na jiji. Ukiuliza kwa nini hawakucheza hapo jirani, jibu lilikuwa moja: nafasi hakuna.

Mambo yalifika ukingoni Oktoba 1976. Kenya ilikuwa inajiandaa kwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mapema mwaka 1977, na tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, inayomhusu kiongozi huyo wa Mau Mau. Wasanii waliomba wazicheze nyumbani kwanza, katika jumba la taifa, kwenye mwezi ambao Wakenya huwakumbuka mashujaa wao. Wakaambiwa jumba lina miadi na maonyesho ya kigeni. Baada ya mvutano mrefu walipewa siku chache tu.

Siku hizo chache zilitosha. Mchezo wa Kimathi, ulioelekezwa na Adagala, ulijaza ukumbi kwa namna ambayo jumba lile lilikuwa halijaizoea. Watu walifika kutoka vijijini kwa mabasi ya kukodi. Miongoni mwao walikuwamo waliopigana msituni, waliolala vizuizini, waliompoteza ndugu. Ngũgĩ alisimulia baadaye kwamba usiku wa kwanza, wimbo wa mwisho ulipoanza na waigizaji wakashuka kupita katikati ya viti, watazamaji waliinuka na kuungana nao, wakatoka wakiimba na kucheza hadi nje, upande ule ule wa Norfolk. Tamthilia hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, na ningependa kila mtoto wa Kenya aisome. Lakini kila nikipita barabara hiyo ninachokiwazia ni wale watu waliokataa kukaa chini, miaka 54 baada ya Nyanjiru.

Kilichofuata kilihamia Limuru. Kamirithu ni kijiji kilichoundwa na wakoloni wakati wa hatari, watu walipoondolewa kwenye mashamba yao na kurundikwa pamoja. Wakazi wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Walianza na masomo ya watu wazima, kisha wakataka mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda, Nitaolewa Nikipenda, kwa Kikuyu, na wanakijiji wakaisahihisha: wazee wakarekebisha methali, waliokuwa Mau Mau wakaonyesha jinsi bunduki za msituni zilivyotengenezwa. Walijenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa watu wapatao 2,000. Mazoezi yalifanyika wazi, kila apitaye akiona na kusema lake. Kimani Gecaũ alielekeza.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Sasa wakazi wa Nairobi ndio waliosafiri kwenda kijijini kutazama, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta leseni, na mkesha wa mwaka mpya Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa takriban mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka.

Neno leseni lastahili kutazamwa, maana ndilo lililoshika koo la wasanii kwa miaka mingi. Sheria ilihitaji kila mchezo uombewe ruhusa. Ofisa hakulazimika kuupiga marufuku. Ilitosha barua isijibiwe. Mwaka 1982 Kamirithu walitaka kuleta mchezo wao mpya, Maitũ Njugĩra, kwenye KNT. Leseni haikuja, na siku ya ufunguzi walikuta milango imefungwa. Wakahamia chuo kikuu, hatua chache tu kutoka hapo, wakaendelea na mazoezi. Habari zikaenea, na maelfu wakaja kuyatazama mazoezi usiku baada ya usiku, mpaka huko nako wakafukuzwa. Machi mwaka huo polisi walikwenda Kamirithu na kuubomoa uwanja. Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili Kilio cha Haki iliyohusu mgomo wa wafanyakazi wa shamba, naye aliwekwa kizuizini.

Jukwaa la jiji likanyamaza, au tuseme likajifunza kusema kwa sauti ya chini. Katika jengo la Professional Centre, barabara ya Parliament, James Falkland alianzisha Phoenix Players. Ukumbi wao mdogo ulicheza zaidi michezo ya Waingereza na Wamarekani, na wengi waliulaumu kwa hilo. Lakini ulifundisha kazi: kufika kwa wakati, kukariri, kupaza sauti hadi safu ya nyuma. Mwigizaji Lupita Nyong'o alikuwa Juliet hapo akiwa na umri wa miaka 14. Ukumbi huo ulifungwa kwa sababu ya deni la kodi ya nyumba, na vijana wa Nairobi wakapoteza mahali pa kujifunza mfululizo, mchezo baada ya mchezo.

Aliyeurudisha ucheshi wenye meno kwa watu wa kawaida alikuwa Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers gazetini, mtu aliyekuwa amefungwa katika miaka ya 1980. Aliipeleka michezo yake ya Kikuyu kwenye baa. Watu walikaa na nyama choma yao na chupa zao, wakamwona mtawala akichezwa mbele yao hadi wakalia kwa kicheko. Mutahi alifariki Julai 2003. Ninaamini hakuna aliyeielewa hadhira ya Nairobi kumzidi: alijua kwamba mtu anayeogopa ngazi za KNT haogopi kiti cha baa.

Leo ratiba imejaa kuliko zamani. Kundi la Heartstrings limewazoesha watu wa jiji kutenga jioni ya wikendi kwa vichekesho. KNT ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Mwaka 2017 vijana wa Too Early for Birds walianza kusimulia historia ya Kenya jukwaani kwa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na umri wa waliokuja kuwatazama ulinipa matumaini makubwa. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa katika jumba la taifa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya marufuku. Mĩcere Mũgo aliaga dunia mwaka uliofuata, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwezi Mei 2025.

Mwezi uliotangulia ule wa kifo cha Ngũgĩ, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War kwenye tamasha la kitaifa la shule. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kucheza. Polisi walitumia vitoa machozi nje, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza.

Kuna jambo moja linaloniumiza katika historia hii. Nairobi ni jiji linaloamka, kugombana na kupendana kwa Kiswahili, lakini tamthilia nzito ya Kiswahili kwa watu wazima ni adimu kwenye kumbi zake. Katika vichekesho vingi nilivyotazama, Kiswahili kimeachiwa bawabu na yaya, na hadhira hucheka mara tu wafunguapo kinywa. Watunzi tunao. Kithaka wa Mberia, Timothy Arege na Pauline Kea wameandika kazi ambazo zingesimama kwenye jukwaa lolote. Lakini tamthilia zao hutufikia kama vitabu teule vya mtihani.

Kwa kuwa ni vitabu vya mtihani, makundi ya waigizaji huviigiza shuleni, na hapo ndipo jukwaa la Kiswahili linapoishi kwa sasa, ndani ya kumbi za kulia chakula za shule za upili. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipouona mchezo wa kwanza maishani. Meza zilisukumwa ukutani, shuka mbili zikawa pazia, na waigizaji sita waliotoka Nairobi wakagawana wahusika kumi na wawili. Mfalme alibadilisha koti akawa mkulima mbele ya macho yetu. Tulikuwa zaidi ya 500, wengine juu ya meza, wengine madirishani. Muhula ukifunguka, makundi hayo bado huondoka jijini alfajiri kwa matatu ya kukodi, mavazi yakiwa kwenye mifuko ya nailoni juu ya magoti, wakijikumbusha mistari njiani. Hucheza shule mbili, pengine tatu, kwa siku. Jioni hurudi Nairobi sauti zikiwa zimekauka, na wengine wao hushukia barabara ya Harry Thuku, kwa sababu saa kumi na mbili wana mazoezi.