Jeraha la kichwa na ugonjwa wa kusahau: kupona kwa ngozi siyo kupona kwa ubongo

Katika teritware za Masisi na Walikale, njia za kuumia kichwa ni nyingi. Moto inateleza kwenye matope kati ya Sake na Masisi-kati. Tshukudu inashindwa kusimama kwenye mteremko. Udongo unaangukia mchimbaji ndani ya shimo la koltani kule Rubaya, ao la kasiterite kule Bisie. Mtoto anaanguka toka juu ya mti wa avoka. Mwanamke anapigwa na bwana yake nyumbani. Juu ya hayo yote kuna vita, pamoja na bombe, panga na fimbo zake.

Mara nyingi watu wanatazama damu tu. Kidonda kikishonwa na kukauka, jamaa wanasema mgonjwa amepona. Lakini watafiti wamefuata jambo hili tangu karibu miaka 100, na wameona kwamba kwa watu wengine pigo la kichwa linaendelea na kazi yake pole pole, hata miaka 20 ao 30. Mwishowe linaweza kusaidia kuleta magonjwa yanayokula ubongo, sawa ule wa Alzheimer, ambao unafuta kumbukumbu.

Ndani ya kichwa kunatokea nini?

Ubongo uko laini. Umezungukwa na maji kidogo na kufungiwa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikisimama gafla, ubongo bado unaendelea kutembea: unagonga mfupa mbele, kisha unarudi kugonga nyuma. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari zinavutika, zingine zinakatika. Hiyo inaweza kutokea bila ngozi kupasuka, tena bila mtu kuzimia.

Hatari ya kwanza ni ya mbio: damu inavuja ndani na kukandamiza ubongo. Hiyo inaweza kuua kwa saa chache. Hatari ya pili ni ya pole pole, na inahusu protini inayoitwa tau. Kazi yake ni kushikilia nyuzi za ubongo, sawa vile miti inashikilia ukuta wa nyumba ya udongo. Nyuzi zikiumia, tau inaachia, inajikunja na kurundikana. Tau iliyojikunja hivyo inaonekana pia katika ubongo wa watu wenye ugonjwa wa Alzheimer.

Utafiti ulianza wapi?

Mwaka wa 1928, munganga Harrison Martland wa Marekani aliandika juu ya wapiganaji wa boksi ambao, kisha miaka ya kupigwa, walitembea kama walevi na akili yao ikapungua. Wakongomani wengi wanakumbuka Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman kule Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, kisha kuvumilia mapigo mengi akiegemea kamba. Miaka 10 baadaye ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Wanganga hawajapatana kama boksi ndiyo ilimletea ugonjwa ule, lakini habari yake iliwafanya watu wengi wajiulize.

Mwafrika mmoja alisukuma utafiti huu mbele. Bennet Omalu, munganga mzaliwa wa Nigeria, alichunguza mwaka wa 2002, kule Pittsburgh, ubongo wa Mike Webster. Webster alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana vichwa, na alikufa akiwa na miaka 50 tu. Omalu alikuta tau imerundikana ndani ya ubongo ule, akatoa matokeo yake mwaka wa 2005. Ugonjwa huo wa mapigo yanayorudiarudia, mpaka leo, unahakikishwa tu kwa kupasua ubongo kisha mtu kufa.

Namba zinasema nini?

Mwaka wa 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo juu ya askari wa zamani wa vita ya pili ya dunia. Walilinganisha 548 walioumia kichwa wakiwa vijana na 1,228 wasioumia. Wale wenye jeraha la katikati walipata Alzheimer zaidi ya mara 2 kuliko wenzao. Wenye jeraha kali, zaidi ya mara 4.

Mwaka wa 2018, utafiti wa Denmark uliohusu watu milioni 2.8 ulionyesha kwamba aliyewahi kuumia ubongo ana hatari ya kupoteza akili ya uzeeni iliyo juu kwa asilimia 24. Kwa jeraha jepesi ilikuwa asilimia 17, kwa kali asilimia 35. Mapigo yakiongezeka, hatari pia inaongezeka.

Namba hizi zisomwe vizuri. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kati ya wazee 100 wasioumia kichwa, 10 wanapata ugonjwa wa kusahau. Kwa asilimia 24 ya juu, kati ya 100 walioumia itakuwa 12 ao 13. Basi wengi walioumia kichwa hawatapata ugonjwa huo, na hakuna sababu ya kuwaogopa ao kuwakataza kazi. Lakini tangu mwaka wa 2020, kundi la wataalamu wa gazeti la kiganga The Lancet linaweka jeraha la kichwa katika orodha ya sababu ambazo watu wanaweza kuzuia, pamoja na tansio ya juu, pombe nyingi na kukosa masomo.

Utafiti mwingi umefanyika kwenye inchi ambako kila mgonjwa ana faili tangu kuzaliwa. Katika Kongo, Jean Ikanga, anayefanya kazi na chuo kikuu cha Kinshasa na kile cha Emory kule Marekani, pamoja na wenzake, wanachunguza ugonjwa wa kusahau kati ya wazee wa Kinshasa, hata kwa kupima damu. Katika Masisi na Walikale, mtu akikimbia vita, karatasi ya lopitali mara nyingi inabaki nyuma. Kwa hiyo familia zinafanya vizuri kuitunza sawa wanavyotunza kadi ya chanjo: tarehe ya ajali, kama mtu alizimia, na kwa muda gani. Miaka mingi kisha, munganga atauliza hayo.

Mzee anayebadilika siyo mchawi

Mzee anasahau majina, anapotea njia ya shamba, anatembea usiku, anatukana bila sababu. Katika vijiji vingine, hayo yanatosha aitwe mchawi, afukuzwe ao auawe. Hizo ni dalili za ugonjwa wa ubongo. Hakuna mtu anaroga kwa kusahau.

Tena kuna jambo ambalo jamaa wengi hawajui. Mzee anaweza kugonga kichwa kidogo tu, kwenye mlango, na kuonekana mzima. Damu inavuja pole pole, na kisha wiki 2 ao 3 ao zaidi anaanza kuchanganyikiwa, kulala sana, ao kulegea upande mmoja. Huo siyo uzee, na mara nyingi unatibika: wanganga wa upasuaji wanatoboa mfupa na kutoa damu ile. Mzee akibadilika gafla, swali la kwanza liwe: alianguka lini?

Saa za kwanza

Bila skaneri, muuguzi bado anaweza kupima. Kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka wa 1974, kinatazama macho, maneno na mwendo wa mwili. Kinatoa alama toka 3 mpaka 15. Alama 8 ao chini yake ni hatari kubwa. Kinarudiwa kila mara, maana mgonjwa anayesema vizuri saa 4 anaweza kuzimia saa 6.

Wakati nao ni dawa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka wa 2019, wenye wagonjwa zaidi ya elfu 12 katika inchi 29, ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia damu inayoitwa asidi traneksamiki, ikitolewa mbele ya saa 3 kupita, inapunguza vifo kwa majeraha mepesi na ya katikati. Inatolewa na wanganga tu. Lakini kwa kijiji ambako mgonjwa anabebwa kwenye kipoyi, saa 3 zinapita mbio. Ndiyo maana haifai kungoja kesho.

Mgonjwa apelekwe mara moja kama:
- alizimia, hata dakika kidogo;
- anatapika tena na tena, ao maumivu ya kichwa yanazidi;
- analala na ni vigumu kumwamsha;
- kifafa kinamkamata;
- damu ao maji yanatoka puani ao masikioni;
- mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
- mkono ao mguu umelegea.

Wakati wa kumbeba, shingo isipindwe. Akitapika, mwili wote ugeuzwe upande kwa pamoja. Asipewe pombe wala aspirini, maana aspirini inaongeza kuvuja kwa damu. Mwenye jeraha jepesi apumzike siku chache, na asirudi kwenye moto, mpira ao shimo mbele ya kichwa kutulia: pigo la pili juu ya la kwanza ni baya zaidi.

Kinga iko mikononi

Uchunguzi wa mwaka wa 2008, uliokusanya tafiti 61, ulionyesha kwamba kaske inapunguza kuumia kichwa kwa asilimia 69 na kufa kwa asilimia 42 kwa watu wa moto. Kaske inayoning'inia kwenye gidon haisaidii kitu, na ile isiyofungwa kidevuni inaruka kwenye pigo la kwanza. Abiria naye ana ubongo: motari mwenye kaske mbili anastahili kuchaguliwa mbele ya mwenye moja. Kwa wachimbaji, kaske ngumu inafaa hata kama shimo ni fupi.

Ubongo uliokatika nyuzi haushonwi kama ngozi. Kinachowezekana ni kuzuia pigo, kuwahi saa za kwanza, na kumtunza kwa heshima yule ambaye pigo la zamani limemrudia uzeeni.