Venza: Harrier Iliyokosa Wanunuzi Marekani

Katika yadi za magari za Dar es Salaam na Mombasa, Harrier haihitaji dalali wa kuipigia debe. Watanzania wamekwenda mbali zaidi, wameyapa matoleo yake majina ya mtaani: lile la mwaka 2003 ni "tako la nyani", kwa jinsi lilivyo nyuma, na lile lililotoka Japani mwishoni mwa 2013 ni "anaconda". Gari likishafika hatua ya kutaniwa namna hiyo, ujue limekwisha kupata uraia.

Ndiyo maana historia ya ndugu yake wa Marekani inashangaza. Mwaka 2020 Toyota ilipeleka toleo la nne la Harrier Amerika ya Kaskazini na kulibandika jina la Venza. Miaka minne baadaye halikuwapo tena kwenye orodha ya magari mapya. Na hiyo ilikuwa mara ya pili kwa jina hilo kufutwa katika muda wa miaka kumi. Mara zote mbili minong'ono ilitangulia tangazo, na mara zote mbili walionong'ona walikuwa wamepiga hesabu zao vizuri.

Venza ya kwanza haikuwa Harrier. Ilianza kama gari la maonyesho lililoitwa FT-SX, lililowekwa jukwaani Detroit mwaka 2005, na ikafunuliwa rasmi katika maonyesho ya mji huohuo Januari 2008. Chini ilikuwa Camry. Juu ilikuwa kitu cha katikati: ndefu na pana kama gari la familia lenye buti kubwa, imeinuka kidogo kama krosova, ina viti vitano tu, na imesimama juu ya rimu za inchi 19 kwa injini ya lita 2.7 au inchi 20 kwa injini ya lita 3.5 yenye silinda sita. Rimu hizo ziliipendezesha mno. Zilimpendeza pia muuza matairi, maana saizi zake hazikuwa za bei ya kawaida.

Ilikuwa gari la Kimarekani kwa kila hali isipokuwa nembo. Sehemu kubwa ya usanifu na uhandisi wake ilifanyika California na Michigan, na iliundwa Georgetown, Kentucky, kiwanda kilekile kinachotoa Camry. Kilichoiponza mapema ni kalenda. Ilifika madukani mwishoni mwa 2008, wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, Wamarekani wakiwa wamefunga mifuko na soko zima la magari likiporomoka. Hata hivyo mwaka 2009 ziliuzwa zaidi ya 54,000, idadi ambayo kwa wakati ule si ya kuchekwa. Tatizo ni kwamba uchumi uliponyanyuka, Venza haikunyanyuka nao. Kufikia 2014 mauzo ya mwaka yalikuwa yameshuka hadi takriban 30,000, wakati RAV4, ndugu yake wa chumba kimoja cha maonyesho, ilivuka 260,000.

Hapo ndipo tetesi za kusitishwa kwa gari huzaliwa, na hazihitaji mtu wa kuvujisha siri. Soko la Marekani huenda kwa "mwaka wa modeli": kila kampuni hutangaza mapema mabadiliko ya magari ya mwaka unaofuata. Anayetaka kujua gari gani linakufa hatazami matangazo makubwa, hutazama nani karukwa. RAV4 ilizaliwa upya kwa mwaka wa modeli 2013, Highlander kwa 2014, na Camry ikabadilishwa karibu kila kipande cha bodi kwa 2015. Venza iliachwa na marekebisho madogo ya uso. Wakala anayeuza magari huliona hilo kabla ya mwandishi wa habari, kwa sababu yeye ndiye hukaa na gari uwanjani, na yeye ndiye hulazimika kulipunguzia bei ili liondoke.

Tetesi hizo huwa na ubaya wake. Mnunuzi akisikia gari linaondoka sokoni, huwaza bei ya kuliuza tena na spea za miaka kumi ijayo, kisha husogea kwenye gari la jirani. Mauzo hupungua, tetesi hupata ushahidi mpya, na hesabu za kampuni zinazidi kuwa mbaya. Kusema tetesi ndizo zilizoiua Venza itakuwa kuzipa sifa zisizostahili, lakini haziwezi kuwa zilimsaidia mtu yeyote kuiuza.

Haikufa peke yake. Honda nayo ilikuwa na gari la kundi hilo, Crosstour, lililotokana na Accord na kuwekwa mgongo unaoteremka. Mwaka 2009 Honda ilifungua ukurasa wa Facebook kwa ajili yake na kuweka picha za kwanza. Watu wakaja kwa wingi, wengi wao kulisema vibaya umbo lake. Katikati ya matusi akatokea mtu mmoja aliyelisifu gari hilo kwa moyo wote, hadi ilipogundulika kwamba alikuwa meneja wa Honda katika idara ya kupanga bidhaa na hakuwa amejitambulisha hivyo. Crosstour ilisitishwa mwaka 2015. Uzalishaji wa Venza kwa ajili ya soko la Marekani nao ulikoma mwaka huo, mwezi Juni, na Oktoba kiwanda cha Georgetown kikaanza kuunda ES ya Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota.

Wakati jina la Venza likiwekwa kabatini, Harrier ilikuwa Japani ikiendelea na maisha yake, na hapo inabidi kurudi nyuma kidogo. Harrier ya kwanza ilitoka Desemba 1997. Tangazo lake la televisheni lilikuwa na mtu mwenye kichwa cha simba aliyevaa suti ya chakula cha jioni, na picha hiyo ilieleza kila kitu: gari lenye kimo cha magari ya porini, lakini la kwenda nalo harusini. Mwaka uliofuata gari hilohilo lilifika Marekani kama Lexus RX 300 na likawa mojawapo ya magari yaliyouzwa zaidi katika historia ya Lexus.

Harrier yenyewe iliwahi kukaribia kaburi. Toyota ilipoamua kuuza Lexus nyumbani Japani kuanzia 2005, ilieleweka kwamba siku moja Lexus RX ingefika na kuchukua nafasi yake. RX ikafika kweli mwaka 2009. Lakini Wajapani hawakuwa tayari kulipa bei ya Lexus kwa sababu tu ya nembo, na "tako la nyani" likaendelea kuuzwa kando ya RX mpya kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa 2013 Toyota ilisalimu amri kwa njia ya heshima: ikatoa Harrier mpya, safari hii ikiwa na jukwaa lililo karibu zaidi na la RAV4, na mbele ikawekwa nembo ya ndege mwindaji badala ya ile ya Toyota.

Toleo la nne lilipoanza kuuzwa Japani Juni 2020, lengo lilikuwa magari 3,100 kwa mwezi. Oda za mwezi wa kwanza zilifika takriban 45,000.

Ukiyajua hayo, si vigumu kuelewa kwa nini Toyota iliona inafaa kulipeleka Marekani. Jina la Harrier halikuwa na maana yoyote kule, basi wakalifukua la Venza. Lilikuja kwa injini ya haibridi pekee, lita 2.5, nguvu ya farasi 219, likizungusha magurudumu yote manne. Toleo la bei ya juu liliweza kuagizwa na paa la kioo ambalo ni kivutio chake halisi: dereva anabonyeza kitufe, na kioo kinachoonyesha mawingu kinageuka cheupe kama barafu, mwanga unabaki na jua kali linazuiwa. Katika gari la bei ya kati, huo ulikuwa ufundi wa kupigia mfano.

Mwaka 2021 ziliuzwa zaidi ya 60,000. Kisha zikashuka karibu nusu mwaka 2022, na 2023 hazikufika 31,000. Uhaba wa vifaa vya kielektroniki uliokuwa ukivitesa viwanda vyote ulichangia, na Venza ilitoka Japani kwa meli, haikuundwa jirani. Ila sababu kubwa ilikuwa imesimama palepale dukani. RAV4 ya haibridi ilikuwa na mfumo uleule wa injini na nguvu ileile ya farasi, kwa bei ya chini. Buti ya RAV4 ilibeba karibu lita 1,060. Ya Venza, kwa sababu ya paa lake linaloteremka kwa madaha, ilibeba kama 815. Mjapani wa mjini aliinunua Harrier kwa sababu ya umbo hilo. Mmarekani mwenye kigari cha mtoto, mbwa na mifuko ya ununuzi wa wiki nzima alilihesabu umbo hilohilo kama hasara ya lita 245.

Julai 2022 Toyota ilionyesha familia mpya ya Crown yenye magari manne, moja likiwa na umbo refu la kifamilia. Kuanzia hapo swali la wafuatiliaji halikuwa tena kama Venza itaondoka, bali lini. Jibu lilikuja Novemba 2023, Crown hiyo ndefu ilipotambulishwa Marekani kama Crown Signia na Toyota ikathibitisha kwamba 2024 ndio mwaka wa mwisho wa Venza. Crown Signia ni ghali zaidi, ilianza kwa bei ya juu ya dola 43,000. Kwa lugha nyingine, Toyota haikutafuta mrithi wa kushindana na RAV4, ilimwondoa mshindani wake ndani ya nyumba na kupanda ngazi moja juu.

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki, yote hayo yamepita mbali. Venza ina usukani wa kushoto, na Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida ya aina hiyo. Harrier zinazokuja huku zinatoka minada ya Japani, usukani kulia, zikiwa na chaguo la injini ya petroli ya lita 2.0 ambalo Wamarekani hawakupewa. Toleo la 2020 limo ndani ya ukomo wa Kenya wa miaka minane, na Tanzania, isiyozuia magari kwa umri bali huyatoza ushuru wa ziada yakizeeka, ina matoleo yote barabarani kwa wakati mmoja. Na mwenye gereji anayeulizwa kama spea za Harrier mpya zitapatikana baada ya Venza kufutwa hana haja ya kukuna kichwa: injini zake zote mbili zimetumika pia ndani ya RAV4, gari ambalo Toyota huuza kwa mamia ya maelfu kila mwaka.