Kuuza Kazi au Kuuza Sauti? Historia Fupi ya Malipo ya Mkupuo

Seremala akiuza kiti, kiti huenda na mnunuzi, naye seremala hurudi karakanani kutengeneza kingine. Mwigizaji wa sauti hayuko katika hali hiyo. Sauti yake ikisharekodiwa, huendelea kuwatumikia wengine miaka na miaka, hata baada ya mwenyewe kuzeeka au kufariki. Basi anapolipwa mara moja tu, kwa mkupuo, ni nini hasa kilichonunuliwa: kazi ya siku ile, au sauti yenyewe na matumizi yake yote ya baadaye? Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano ya Marekani, kwamba jibu la swali hilo limo katika maneno ya mkataba.

Mfano wa kwanza ni wa Adriana Caselotti, aliyetoa sauti ya binti mfalme katika filamu ya katuni ya kampuni ya Disney iitwayo Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1937. Alilipwa dola 970 kwa jumla, na jina lake halikutajwa katika filamu. Nyimbo za filamu zilipouzwa katika sahani za santuri, alikwenda mahakamani mwaka 1938 kudai sehemu ya faida. Hakufanikiwa. Filamu iliendelea kuonyeshwa kwa vizazi vingi, naye hakuwa na fungu katika mapato hayo.

Hatua ya pili ilikuwa ya umoja. Tarehe 7 Machi 1960 chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani kiligoma, kikidai waigizaji walipwe filamu za sinema zinapoonyeshwa tena katika televisheni. Mgomo ulidumu hadi mwezi Aprili. Waigizaji walipata haki hiyo kwa filamu zilizoanza kutengenezwa kuanzia mwaka 1960; kwa zile za zamani walikubali badala yake fedha za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Hivyo wazee wa kazi hiyo, waliotangulia kulima, hawakuvuna sawasawa na vijana.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Mwimbaji Peggy Lee alitia sahihi mkataba na Disney mwaka 1952 kwa ajili ya Lady and the Tramp, filamu iliyotoka mwaka 1955. Alitunga nyimbo zake pamoja na Sonny Burke, akatoa pia sauti za wahusika wanne. Kwa kutoa sauti alipokea dola 3,500. Mwaka 1987 filamu hiyo iliuzwa katika kaseti za video, ikaleta faida ya mamilioni mengi. Mwaka uliofuata Lee alishtaki. Mkataba wake uliikataza kampuni kutengeneza, bila idhini yake, santuri au nakala nyingine za kuuzia umma. Kampuni ilidai kwamba neno lililotumika kwa hizo “nakala” lilihusu sauti pekee, kwani mwaka 1952 hakuna aliyekuwa na video nyumbani. Mahakama iliona kwamba kaseti ya video nayo ni nakala. Mwaka 1991 Lee alipewa takriban dola milioni 2.3.

Tofauti kati ya Caselotti na Lee, basi, haikuwa uzuri wa sauti. Wote wawili walilipwa kwa mkupuo. Lakini mmoja wao alikuwa na kifungu kilichoweka mpaka.

Suala hili halijaisha. Waigizaji wa michezo ya video wa Marekani waligoma tangu Julai 2024 hadi mwaka 2025, wakidai idhini na malipo pale mashine inapoiga sauti zao. Kwetu Lubumbashi, ambako michezo ya kuigiza ya Kiswahili imesikika redioni tangu enzi za kundi la Mufwankolo, wanaotoa sauti kwa matangazo na filamu wanapaswa kujiuliza maswali yale yale. Mkataba na utaje mambo matatu mbalimbali: kazi ya kurekodi, muda wa matumizi, na aina za matumizi. Tena uandikwe kwa lugha ambayo mwenye sauti anaielewa. Kuwapatia istilahi zilizo wazi ni wajibu wetu sisi tunaofundisha Kiswahili.