Bandia na Kisicho cha Maumbile: Historia ya Tafsiri Moja

Kielezi cha Kiingereza *artificially* hufasiriwa mara nyingi “kwa njia ya bandia”. Tafsiri hiyo ni nyepesi, lakini si salama. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo yalianzia mahali tofauti, na kwamba Kiswahili kina njia yake ya kutaja kazi ya mkono wa mtu bila ya kuishutumu.

Neno la Kiingereza latokana na Kilatini: *ars*, yaani ufundi, na *facere*, yaani kufanya. Katika karne zilizopita, kutenda jambo hivyo kulikuwa ni kulitenda kwa ustadi. Lilikuwa neno la sifa. Baadaye ufundi ulipambanishwa na maumbile, na neno likaingiwa na shaka.

Bandia lilianzia kwingine. Pwani, mtoto wa bandia ni mwanasesere: mfano wa mtu, usio na uhai. Kutokana na maana hiyo yamepatikana meno ya bandia, yasiyomdhuru mtu, na vilevile noti bandia, ambazo ni hila tupu. Leo, katika biashara, maana ya hila ndiyo itanguliayo. Mitaani Nairobi neno feki hukaa pale pale.

Yafaa kuzingatia mfano wa ndizi sokoni katika mtaa kama Lucky Summer, mashariki mwa Nairobi. Ndizi zilizoiva si sawa na zilizoivishwa. Kiambishi -ish- chadhihirisha kwamba yupo aliyesababisha, na -w- kwamba ndizi zimetendwa. Anayetaka kubainisha zaidi atasema zimevundikwa, yaani zimefunikwa penye joto, ufundi wa kale wa nyumbani. Au zimeivishwa kwa kabaidi, kemikali ya viwandani ambayo huweza kuwa na chembe za aseniki. Kielezi kimoja cha Kiingereza chafunika yote mawili. Kitenzi cha Kiswahili chayatenga. Ama “ndizi bandia”, hizo ni za plastiki, pambo la meza.

Jirani na mtaa huo, jaa la Dandora limeinuka kama kilima tangu miaka ya 1970. Kilima hicho hakikuumbwa na maumbile, lakini kukiita bandia ni kupotosha. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotangazwa mwaka 2007, ulihusu watoto 328 wa karibu na jaa; nusu ya waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa kimataifa. Kilima kimefanywa na watu; madhara yake ni halisi.

Uzito wa jambo hili waonekana zaidi katika habari za uzazi. Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya mwili wa mamaye. Mfasiri akimwita mtoto kama huyo “aliyepatikana kwa njia ya bandia”, amemsogeza karibu na mwanasesere. “Aliyetungwa mimba kwa msaada wa tabibu” ni maneno marefu, lakini yana adabu na ukweli.

Kwa hiyo bandia na libaki kwa kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Palipo na tendo, hapana budi kitenzi kiseme nani ametenda, na kwa nini.